Ng'ombe wa Otto

Matonya alianza shule akiwa na ndevu. Kijijini hilo halikumshangaza mtu, maana katika darasa la Mwalimu Yotham walikuwamo watoto wasiojua kufuta kamasi, na walikuwamo wanaume wenye wake, wote wamekaa kwenye magogo yale yale wakiimba a, e, i, o, u kama wanaofukuza ndege shambani. Kilichoshangaza ni kwamba Bwana wa misheni, alipoandika kwao Udachini kueleza habari za shule yake, aliwaandika wote kuwa ni watoto. Basi Matonya, baba wa Filipo na wa binti mchanga, mwenye ndewe za masikio pana kiasi cha kupitisha kidole gumba, alivuka bahari kwenye karatasi akiwa mtoto mdogo.

Jina la yule Bwana lilikuwa refu na lenye mikwaruzo. Watu walijaribu, likawashinda, wakamwita Bwana Chokaa. Kila alichokiona alikipaka chokaa: kanisa, shule, mawe ya kandokando ya njia, mashina ya miti. Siku moja alipaka kibanda cha kuku, na kuku mmoja akatoka humo mweupe asivyozaliwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kitu kikiwa cheupe kimekwisha kuokoka.

Kitu kimoja kilichomkera kuliko vyote ni ng'ombe kulala ndani. Kwetu tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, ni la watu na mifugo. Ndama ana pembe yake ya nyumba kama mkwe. Bwana Chokaa alisema huo ni uchafu na ushenzi, na mtu anayelala na ng'ombe hawezi kubatizwa. Mke wa Matonya alikuwa amebatizwa zamani, kabla ya amri hiyo, akaitwa Loisi, na mwanawe akaitwa Filipo. Matonya alibaki Matonya. Alipoambiwa atoe ng'ombe nje, alijibu, "Nitafanya, Bwana," na hakufanya. Miaka mitatu alijibu hivyo hivyo, kwa adabu kubwa.

Na si kwamba alikuwa na ng'ombe wengi. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde, ikaja sotoka, tauni ya ng'ombe, wakabaki harufu. Matonya alikua akisikia majina ya ng'ombe waliokufa kama mtoto mwingine anavyosikia majina ya mababu. Alipokuwa kijana alibeba mataruma ya reli mpaka mabega yakaota sugu, akapata ng'ombe jike mmoja. Yule jike akazaa mtamba mmoja mwenye madoadoa, kisha mwenyewe akafa kwa nyoka. Mtamba huyo, Madoa, ndiye aliyekuwa zizi zima la Matonya. Maziwa ya watoto yangetoka kwake. Mahari ya Filipo ingetoka kwake. Matonya akiamka, kabla hajamtazama mkewe, anamtazama Madoa, na Loisi alikwisha kuzoea.

Shule aliifuata kwa sababu moja. Aliona kwamba tangu Wadachi waje, kila kitu kinachotoka mikononi mwa watu kinatanguliwa na karatasi. Akataka kujua karatasi inasema nini kabla haijamfikia.

Basi mwaka wa pili baada ya gari moshi kuanza kusimama Gulwe, ambako kutoka kwetu ni mwendo wa asubuhi moja, ukaja mfuko wa barua. Wanafunzi wa shule moja ya huko Udachini wameandika, wanataka kujuana na wanafunzi wa hapa. Kila mmoja amepata rafiki wake. Bwana Chokaa alikuwa anasoma kwa Kidachi, halafu anasema kwa Kiswahili, na uso wake umewaka furaha.

"Matonya! Rafiki yako anaitwa Otto. Ana miaka tisa."

Darasa zima likacheka. Mustapha, aliyekuwa na miaka kumi na ulimi wa mtu mzima, akasema, "Mzee Matonya, umepata mjukuu!"

"Nyamaza," akasema Mwalimu Yotham, naye akageukia ukutani ili acheke vizuri.

Otto alikuwa na maswali. Je, mnalala juu ya miti? Je, simba wanakula watu kila siku au Jumapili wanapumzika? Je, ni kweli hamjui theluji, na kama hamjui, mnateleza juu ya nini? Ndani ya bahasha palikuwa na zawadi: soksi moja ya sufu. Moja tu. Nyingine labda ilibaki mguuni mwa Otto, au Otto alidhani Matonya ana mguu mmoja, hakuna aliyejua.

Bwana Chokaa akaandika ubaoni barua ya kujibu, wote wanakili: Sisi watoto maskini tuliokuwa gizani tunawashukuru ninyi watoto wa nuru. Matonya alinakili mpaka mwisho kwa mwandiko mzuri. Kisha, kwa kuwa nafasi ilibaki chini ya karatasi, akaongeza ya kwake. Mitini wanalala nyani. Simba hajui Jumapili, hajabatizwa. Kuteleza tunateleza wakati wa masika, juu ya matope, bila kupenda. Nawe, Otto, mna ng'ombe wangapi, na wanalala wapi?

Bwana Chokaa aliifasiri yote. Matonya alijua, maana alimwona akitabasamu kwenye simba na kukunja uso kwenye ng'ombe.

Jibu lilikuja baada ya kiangazi kupita. Safari hii Otto hakuandika sana, alichora. Alichora nyumba ya babu yake, ukuta wa mbele ameuondoa ili mtu aone ndani. Upande mmoja babu na bibi wamekaa mezani wanakula. Upande wa pili, chini ya paa lile lile, ukuta mwembamba tu katikati, ng'ombe watatu wamepanga vichwa wakitazama chakula cha watu. Moshi wa jiko unapita juu ya wote bila ubaguzi.

Matonya aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Picha haikuhitaji mkalimani.

"Bwana," akauliza kwa sauti ya kutafuta elimu, "hawa ni nani?"

Bwana Chokaa akavaa miwani. Shingo yake ikageuka rangi ya tofali. "Hiyo ni nyumba ya kizamani. Ya watu wa shamba. Huko milimani kuna baridi."

"Wamebatizwa?"

"Nani?"

"Babu na bibi."

"Bila shaka wamebatizwa!"

"Aa," akasema Matonya, akaikunja picha taratibu, akaiweka kifuani. Siku ile kijiji kizima kilipita kwake mmoja mmoja kuja kuwaona ng'ombe wa Udachini waliolala ndani wakaokoka, na kuanzia hapo Bwana Chokaa hakuzungumzia tena habari ya ng'ombe na ubatizo. Alihamia kwenye habari ya ugoro.

Sasa, katika barua ile palikuwa na maneno mawili matatu, na Bwana Chokaa aliyasoma haraka haraka kwa kuwa hakuona uzito wake. Otto alisema kwamba mmoja wa ng'ombe wale, yule wa mwisho pichani, alikufa wakati wa baridi, na babu yake alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Wenzake Matonya wakatoka darasani wakiongea habari ya theluji. Yeye alitoka na yule babu. Njia nzima alikwenda naye.

Kwetu ukisikia ng'ombe wa rafiki yako amekufa, na wewe unaye hata mmoja, huendi kwake na pole mkononi kama mtu anayebeba upepo. Unampa. Si lazima ng'ombe atoke zizini; mara nyingi anabaki pale pale, ila anakuwa wa rafiki. Wewe unamchunga, unakunywa maziwa, ndama wanakuwa wake, naye akiona umetunza vizuri atakukatia mmoja siku moja. Humchinji, humuuzi, humtoi kwa mtu bila neno lake. Na akifa, unahifadhi ngozi, unampelekea mwenyewe aione, ajue hukumla kwa siri.

"Nitampa Otto Madoa," Matonya akamwambia mkewe.

Loisi alikuwa anapepeta uwele. Ungo ukasimama hewani. "Baba Filipo, sema tena."

"Babu yake amefiwa na ng'ombe."

"Nimesikia. Na wewe unataka kumpa Madoa. Kwa soksi moja."

"Si kwa soksi."

"Angalau zingekuwa mbili ningekuelewa!"

"Mama Filipo, Madoa haendi popote. Maziwa ni yetu. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti iko kwenye ndama," akasema Loisi, ambaye shule hakwenda hata siku moja.

Lakini Matonya alikuwa amekwisha kuamua. Miaka thelathini na kitu amekuwa mtoto wa mtu aliyefilisika kwa sotoka, mtu wa kuombewa, mtu wa kuandikiwa barua ya giza na nuru. Leo alikuwa na rafiki ng'ambo ya bahari aliyepungukiwa ng'ombe, na yeye anaye. Aliandika kwa herufi kubwa: Otto, mwambie babu asilie, nimekupa ng'ombe, ana madoadoa, yuko kwangu, anakula vizuri.

Bwana Chokaa alipofasiri barua hiyo alicheka hadi miwani ikaloa. Aliona ni maneno matamu ya kitoto. Otto hakucheka. Barua yake ya mwisho ilifika mwaka ule ule ambao baadaye vita vilianza: amefurahi sana, darasa zima linamwonea wivu, babu ameuliza kama ng'ombe anapenda kukunwa nyuma ya masikio, na akiwa mkubwa atapanda meli aje kumwona ng'ombe wake. Matonya alimwendea Madoa, akamkuna nyuma ya masikio. Alipenda.

Baada ya hapo barua hazikuja tena.

Vita vilipokuwa na mwaka mmoja, ilikuja karatasi ile ambayo Matonya alisomea shule kwa ajili yake. Jeshi linataka ng'ombe. Akaja sajini wa Kidachi, mzee wa masharubu, na askari sita, na mbele yao Akida Mbaruku, mtu wa mjini, kanzu safi, kofia ya serikali yenye alama ya tai mbele. Akida hakuwa na ukali wa bure. Alikuwa na tabia ya kuomba radhi huku anachukua.

"Ndugu zangu, mimi nimetumwa tu. Toeni vizuri, tusiaibishane."

Kila tembe lilitoa. Jirani zake Matonya walisimama wamefumbata mikono vifuani, ng'ombe wanapita. Walipofika kwake, Matonya alikuwa amesimama mlangoni na barua ya mwisho ya Otto.

"Ng'ombe huyu si wangu, Bwana Akida. Nikimtoa nitakuwa mwizi. Mwenyewe yuko Udachini."

Mbaruku akafumba macho kama mtu mwenye jino bovu. "Matonya, leo si siku ya mzaha."

Sajini akaichukua barua. Akaisoma amesimama. Akaisoma tena ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Akauliza picha iko wapi, maana barua imeitaja, akapewa picha. Alipoona ile nyumba, masharubu yakaanza kutikisika, na Kiswahili chake chote kikamtoka.

"Nyumba ya sisi hii," akasema. "Mama yangu... ng'ombe... hivi hivi!" Akaonyesha kwa mkono ukuta mwembamba wa katikati. Kisha akachukua kalamu, akaandika nyuma ya barua mistari minne ya Kidachi na kugonga mhuri. Akida akafasiri: ng'ombe huyu ni mali ya Otto, raia wa Udachini, asiguswe na mtu.

Ng'ombe wa kijiji kizima wakaondoka na mavumbi. Akabaki Madoa peke yake, mali ya raia.

Mtu angedhani watu watamchukia Matonya. Walimchukia, ndiyo, kwa siku mbili. Siku ya tatu walianza kuja, mmoja mmoja, na mbuzi zao kwenye kamba.

"Matonya ndugu yangu, huyo Otto hana kaka?"

"Sijui."

"Dada je? Hata binamu. Mimi mbuzi wangu naweza kumpa msichana, sina ubaguzi."

Mzee Silvano, ambaye alikuwa akimwita Matonya "mtoto wa shule" kwa dharau, alitaka naye aandikiwe barua ya kumpa Otto kuku wanane. Watoto wakamtungia Madoa jina la Memsahibu. Naye Matonya, ni lazima isemwe, alivimba kichwa. Barua ile aliishonea mfuko wa ngozi, akaivaa shingoni kama hirizi. Mtu akipita anaionyesha. Mtu asipopita anatoka kumtafuta.

"Ipo siku hiyo karatasi itakutia matatani," akasema Loisi.

"Karatasi ikiwa na mhuri haimtii mtu matatani. Inamtoa."

Madoa, aliyekuwa tayari na mimba siku ya sajini, alizaa ndama jike, mwekundu, kipaji cha uso cheupe. Mwaka wa pili wa vita ulikwisha, na kabla mtama haujavunwa wote, Wadachi wakapita kuelekea kusini mbio mbio, wakivunja madaraja yao wenyewe ya reli. Siku chache nyuma yao wakaja Waingereza. Bwana Chokaa akachukuliwa na walinzi wawili, akaenda kwa miguu katikati ya yale mawe yake meupe, kofia mkononi. Watu walimwonea huruma. Mustapha peke yake alisema kwamba hata usiku hawezi kupotea.

Afisa wa Kiingereza aliyefika kijijini alikuwa kijana, pua imeungua na jua, mgonjwa wa homa. Mkalimani wake alikuwa Akida Mbaruku. Kofia ilikuwa ile ile, ila pale mbele, mahali pa tai, palikuwa pamekwanguliwa, na alama ya kukwangua ilikuwa na umbo la tai.

Afisa alisimama mbele ya tembe la Matonya, akasema maneno machache. Mbaruku akafasiri, "Bwana anaomba maziwa. Kibuyu kimoja. Atatoa chumvi."

Basi. Maziwa. Loisi alikwisha kugeuka kufuata kibuyu. Lakini Matonya alikuwa ameona bunduki, ameona kofia, ameona mzungu anamtazama Madoa, naye alijua mambo haya yanavyokwenda. Si ni yeye aliyesoma? Akavua mfuko shingoni, akaitoa barua, akaikunjua, upande wa mhuri juu.

Mbaruku akakohoa.

"Bwana Akida, mwambie kabla hajasema lolote..."

Mbaruku akakohoa tena, kikohozi kikubwa, akashika kifua, machozi yakamtoka. Akatikisa kichwa, akakodoa macho, akafanya kila ambacho mtu anaweza kufanya kwa uso bila kusema.

"Pole kwa kifua, Bwana Akida," akasema Matonya. "Mwambie ng'ombe huyu ni wa Mdachi. Asiguswe na mtu. Imeandikwa."

Hapakuwa na haja ya kufasiri. Afisa hakujua Kiswahili, lakini mhuri wa tai aliujua. Akaichukua barua, akaipindua, akaita mtu wake mmoja aliyeelewa Kidachi. Walinong'ona. Yule kijana, aliyekuja kuomba kibuyu cha maziwa, akanyoosha mgongo.

"Anasema," Mbaruku akafasiri, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa, "mali ya adui inachukuliwa na jeshi."

"Adui gani?"

"Otto."

"Otto ana miaka kumi na mitatu!"

"Matonya," akasema Akida, "nilikohoa mpaka mbavu zikauma. Ungetaka nifanye nini tena, nife?"

Wakamfunga Madoa kamba. Afisa akaonyesha ndama, akauliza. Matonya akafungua mdomo, na wote waliomjua walijua kitakachotoka humo, kwa sababu ndama wa ng'ombe wa Otto ni wa Otto. Loisi akamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, kwa uzito wote wa mwili wake.

"Huyo ni wangu," akasema Loisi. "Nilipewa na mama yangu."

Mbaruku akafasiri haraka kuliko alivyowahi kufasiri kitu chochote maishani mwake.

Jirani walisimama wakiangalia. Hapakuwa na aliyecheka. Ila Mzee Silvano alirudi nyumbani kwa hatua za haraka, akasikika akiwaambia kuku wake kwamba hajawahi kumjua Otto.

Asubuhi iliyofuata Matonya alikwenda Gulwe kwa miguu. Jeshi lilikuwa limepiga kambi karibu na stesheni, masufuria yanatokota. Alimkuta Akida, akamwambia anataka ngozi.

Afisa akauliza ni ya nini.

"Ya kumwonyesha mwenye ng'ombe," akasema Matonya. "Ajue sikumla mimi."

Mbaruku akamgeukia afisa, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo Matonya aliambiwa baadaye. Alisema, "Anataka kitu cha kulalia, Bwana. Mgongo unamsumbua." Ngozi ikatolewa, mbichi, madoadoa yote yapo, pamoja na barua, ambayo sasa haikuwa na kazi kwa mtu.

Aliikausha juu ya tembe, akaikunja, akaitundika ndani, juu ya mahali anapolala ndama. Loisi akamwambia, "Sasa yamekwisha. Ndama ni wetu."

"Ndama ni wa Otto."

"Otto akija amchukue mwenyewe. Nitamkaangia na karanga za njiani."

Kisha Matonya akaomba karatasi kwa Mwalimu Yotham. Hapakuwa na gari moshi, hapakuwa na Bwana wa kufasiri, wala hakuna aliyejua kama huko Udachini kumebaki shule. Aliandika hata hivyo, siku mbili, kwa penseli aliyoitia mate mpaka ikawa fupi kama jino.

Otto, ndugu yangu. Ng'ombe wako amekufa. Hakuuawa na simba wala ugonjwa, ameliwa na wazungu wenzako, nami ndiye niliyewaonyesha, kwa kuwa nilijua kusoma. Ngozi yake iko kwangu. Amekuachia ndama jike, kipaji cheupe, mke wangu asisikie. Salamu kwa babu. Na uniambie kitu kimoja ambacho sikukuuliza zamani: kwenu vita vikiingia kijijini, ng'ombe mnawalaza wapi?

Akaikunja, akaitia kwenye soksi, akaitundika pamoja na ngozi. Ndama akainua kichwa, akainusa.